Buti la Busan

Marobota yalifunguliwa alfajiri, Jumanne,
na kufika saa nne nilikuwa na jozi kumi na moja za kushona.
Akaja mama mmoja, kofia ya ukili, glavu za pamba,
akaokota buti jeusi la kizamani, akaligeuza tumbo juu
kama anayekagua kuku wa kununua.
Kidole gumba kikapita kwenye mshono wa kisigino.
"Hii," akasema, "ni mikono ya kwetu."

Kang Mal-sun, miaka sabini na miwili,
mwanawe mhandisi, anaishi Kilimani.
Kiswahili chake huchechemea, lakini hufika.
Alivuta kigoda changu cha akiba, kile cha mguu mfupi,
na Busan ikaanza kupanda juu ya meza yangu ya gundi.

Kwanza vilima, vimesukuma watu hadi ukingo wa maji.
Vita vilipowaka walimiminika kwa malaki,
wakajenga kwa mbao za makasha, kwa mabati ya makopo,
juu ya makaburi ya Wajapani:
jiwe hili likawa ngazi, lile likawa kizingiti.
"Mama alifulia nepi zangu juu ya jina la mtu."
Na lilikuwepo daraja linaloinuka kupisha meli.
Waliahidiana: tukipotezana, tukutane pale.
Wengine walingoja hadi wakasahau sura waliyoingojea.
Kisha moto, usiku mmoja wa Novemba,
stesheni na mitaa yake yote...

Hapo sikumwacha amalize.
"Moto tunaujua," nikasema, nikamwonyesha nguzo yangu,
upande mmoja mkaa mpaka leo.
Akaigusa. Akakinusa kidole.

Halafu viatu.
Alikuwa na miaka kumi na sita,
ukumbi mrefu kuliko njia hii ya Pumwani,
wasichana maelfu, gundi puani,
huyu ulimi, huyu kisigino, huyu tundu za kamba,
na hakuna aliyekivaa kiatu alichokishona.
Bandari ikala ufuo. Makontena yakarundikana.
Treni ikazama ardhini mwaka wa themanini na tano.
Kisha viatu vikahama, vikafuata mikono ya bei rahisi zaidi,
wasichana wakabaki na vidole vyao.
Leo pale kiwandani pana jumba la vioo.
Ukisimama chini huoni paa,
unaona mawingu yakijitazama.

"Wakubwa wetu husema tulikuwa sawa nanyi mwaka wa uhuru,"
nikamwambia. "Kila kampeni. Hutusuta kwalo:
wenzenu walikimbia, nyinyi mkaketi."
Akacheka mpaka miwani ikamshuka.
"Nani alikimbia? Mimi nilikuwa nimeketi.
Miaka tisa. Kwenye kigoda.
Kama wewe, Nzioka."

Macho yake yakatua kwenye kibanda cha Akoth,
kwenye ile X nyekundu, rangi bado imechuruzika.
Sikumweleza. Barabara, au mto, au tajiri, sijui;
kila karani ana jibu lake.
"Sisi walituandikia namba," akasema. "Kwa chokaa.
Yetu mia nne na kumi na mbili."
Akanyamaza kidogo.
"Mvua ilinyesha, ikafutika. Wakaja hata hivyo."

Buti hakulinunua.
Aliniomba sindano, uzi uliotiwa nta,
akavua glavu, akaurudia mshono uliofumuka,
haraka, bila kutazama, akiongea habari za bei ya nyanya.

Jioni nikaliuza pamoja na mwenzake, shilingi mia nane,
kwa kijana wa mjengo kule Upper Hill.
Hakuuliza lilikotoka.
Aliikunja soli mara mbili, akaibisha kwa kucha,
akauliza kama itahimili saruji.