Haikuchezwa

Sajini kaniambia: wewe ndiye katibu wa mwisho,
kabati limalize wewe.
Nikashuka chini ya kituo cha Aldersike
na tochi, na glavu za kuoshea vyombo,
nikaikuta timu nzima ndani ya sanduku la biskuti:
madaftari matatu yanayonuka kiatu,
na kitu kimeviringishwa gazetini.

Ukurasa wa kwanza, 1897.
Mipira miwili, shilingi kumi na tisa.
Malimau ya mapumziko.
Konstebo Obadiah Crossley, faini peni tatu,
kwa kuingia uwanjani na kofia ya kazi
na kukataa kuivua, akidai baridi.

Siku hizo polisi alipigwa chenga hadharani
na mji mzima ukalala umeshiba.
Walilipa kiingilio waje watuone tukianguka:
mchinja nguruwe, mfuma sufu,
mtoto aliyekamatwa juzi na makaa ya wizi mfukoni,
wote upande mmoja, upande usio wetu.
Wakati huo hata babu yangu hajazaliwa kule Pangani,
nami naandika "wetu".
Jezi ina tabia hiyo.

Novemba 1911, dhidi ya wanakwaya wa Mtakatifu Anna:
kipa kamwona mtu akiondoka na baiskeli ya kasisi,
akapuliza filimbi yake ya kazi.
Wanne wakaruka ukuta na njumu miguuni, kipa akiwa wa kwanza.
Saba waliobaki wakafungwa tisa bila.
Katibu, kwa mwandiko uliotulia:
mwizi hakupatikana; baiskeli ilipatikana mtoni.

Nilicheka peke yangu kule chini,
nikafungua daftari la pili nikiwa bado nacheka.

Oktoba 1926. Dhidi ya Wachimba Makaa wa Skelby:
haikuchezwa.
Mvua haikutajwa, wala theluji.
Nikageuza karatasi, labda sababu iko mgongoni.
Beki wao aliitwa Jabez Hoyle,
beki wetu Wilf Hoyle,
na kila mwezi, tangu vita viishe,
kuna malipo kwa Bibi Hoyle, mama yao,
ya kufua jezi za bluu.
Miezi ile mmoja alishika rungu langoni mwa mgodi
na mwingine alikuwa ndani ya umati, hana mshahara.
Daftari halisemi walitazamana vipi.
Linasema tu, wiki iliyofuata:
Bibi Hoyle amerudisha jezi. Hazijafuliwa.

Jina lake halionekani tena.

1984, neno lile lile, kalamu ya kisasa.
Haikuchezwa. Haikuchezwa.
Mistari miwili, nyumbani na ugenini.

Mimi nilisajiliwa 2003, beki wa kushoto.
Mechi yangu ya kwanza Skelby, mgodi ulikwishafukiwa,
mzee mmoja alisimama dakika tisini
akitupa mgongo, uso kwenye uzio.
Nikadhani ni rangi yangu.
Gareth, winga, akacheka hadi akakohoa:
"Hapana ndugu, ni soksi zako."
Sikumwambia mtu, lakini niliona kama heshima,
kuchukiwa kwa ajili ya kazi tu,
kama Mwingereza yeyote.

Sasa uwanja ni ghala la matairi.
Zamu zilitumaliza, si magoli:
Jumamosi yetu ya mwisho tulikuwa wanane,
mmoja wao kaazimwa kwa zimamoto.
Sare, moja moja. Niliiandika mwenyewe.

Dada wa makavazi ya mji
kalifungua lile gazeti kwa vidole viwili.
Jezi ya bluu, haina namba,
tope limekauka limekuwa sehemu ya kitambaa.
Ya mwaka gani? Sijui.
Akanisogezea fomu: Hali ya kifaa?
Nikaandika, haijafuliwa.
Akauliza kama ichukuliwe ikasafishwe.
Nikasema hapana, upesi kuliko nilivyotaka,
nikatia sahihi.
Nilikuwa na zamu ya usiku.