Mlio wa Ukingo

Alisema anatoka Brno. Sisi tukasikia Bruno,
tukadhani ndilo jina la mumewe,
yule fundi mitambo wa kiwanda cha viatu Limuru,
na Bwana Bruno akaitika hivyo hivyo
miaka minne, hadi walipofunga mizigo.

Yeye tulimwita Valasta. Vlasta ilitushinda ulimi.
Kila Jumatano, ukumbi wa Kaloleni,
alikuja na raketi ndani ya soksi ya sufu,
upande mmoja mwekundu, wa pili mweusi,
mpini umelika mahali pa kidole gumba
kama kizingiti cha nyumba ya watu wengi.

Meza yetu ilikuwa mbao za Gikomba,
wavu, kipande cha chandarua.
Hakucheka. Aliinama, akapima usawa kwa jicho moja
kama mshonaji anayetunga uzi,
akachomeka kiberiti chini ya mguu wa kushoto.
Mpira ukibonyea hakuutupa:
aliutumbukiza katika kikombe cha maji moto
nao ukafura taratibu, chapati juu ya chuma.

Tulitaka medali. Tulitaka picha za ndege na maua.
"Ulimshinda nani?" aliuliza Syombua wa Makongeni,
binti wa reli, asiyejua kuuliza kwa kuzunguka.
Valasta naye alikuwa binti wa reli:
alianza na miaka saba, chumba cha chini,
wafanyakazi wakivuta sigara, yeye amesimama juu ya kreti.
Lakini alisimulia mchezo mmoja tu, aliopoteza.

Fainali ya taifa. Ishirini kwa kumi na tisa, yeye yuko mbele.
Mpira wa mwenzake ukapita. Mwamuzi: "Nje!"
Watu wamesimama, maua yako njiani,
naye akainua mkono: "Umegusa."
Ishirini kwa ishirini. Kisha pointi mbili, si zake.
Orodha ya wanaosafiri ikaandikwa bila jina lake,
na mwaka uliofuata kifundo cha mkono kikakataa.
Basi. Hiyo ndiyo kazi ya maisha yake, alisema,
akafuta mpira kwa pindo la sketi.

"Uliuona ukigusa?"
"Niliusikia."

Akatugeuza, migongo kwa meza.
Katikati ya ubao mpira husema *to*.
Kwenye ukingo husema *ti*.
*To, to, to,* mvua juu ya mabati, *to,*
watoto wa Kaloleni tumefumba macho,
*ti*, na mikono yote juu.

Julai, baridi ya kutoa moshi mdomoni.
Mimi na Syombua, kombe la Makadara.
Ishirini kwa kumi na tisa, mimi niko mbele,
wallahi, hesabu ile ile; sikuipanga.
Mzee Lijodi, mwamuzi, jicho lake moja lina ukungu.
Syombua akapiga kwa nyuma ya mkono.
*Ti.*
"Nje!"

Syombua hakumtazama mwamuzi. Alinitazama mimi.
Valasta, benchi la tatu, mikono ndani ya koti.
Nikainua mkono.

Nikaupunga. Wakanishangilia.

Alinipa mkono wake, baridi kama bomba la asubuhi,
akasema hongera, ile *r* yake ikikwaruza.
Jumatano akaja kama kawaida, akachomeka kiberiti.
Hakutugeuza migongo tena.
Na siku ya kuondoka, raketi ile, na soksi yake,
aliniachia mimi.
Hilo sijalielewa hadi leo.

Kombe ninalo. Natia vibanio vya nguo.
Syombua ana meza Marikiti, vitunguu na dhania;
huniongezea kimoja juu ya kipimo,
tunaulizana habari za watoto, za magoti.
Juzi, akinirudishia chenji,
sarafu ilimponyoka, ikagonga ukingo wa meza.

Tukanyamaza wote wawili.
Kisha akainama kuiokota.