Ngazi Sabini na Mbili

Kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wangu
ngazi ni sabini na mbili. Miaka kumi na tisa
sikuwahi kuzihesabu.
Nilipanda na mkate kwapani, funguo mdomoni,
nikimgombeza paka kabla sijamwona.

Sasa nazijua moja moja kama meno yangu:
ya kumi na nne ina ufa,
ya thelathini mtu aliidondoshea rangi ya kijani,
na ya arobaini na tano ndipo pumzi yangu
hugeuka mdai, husimama katikati ya njia
na kunyoosha mkono.

Ghorofa ya tatu, mzee Walenty ameniwekea kiti.
Hakusema kitu. Kiti cha jikoni, mguu umefungwa waya,
na juu yake karatasi: Kisihamishwe.

Virusi vilikaa siku kumi na moja.
Vilipoondoka havikuaga, wala havikufunga mlango;
ndiyo baridi hii inayoniingia tangu Oktoba.

Daktari Sobczyńska hunionyesha picha ya mapafu.
Ukungu huu, anasema, unapungua.
Utaisha lini?
Akatazama dirishani, theluji ya Łódź
ikianguka bila ratiba.
Wengine miezi mitatu. Wengine mwaka.
Wengine, na hapo kalamu yake ikaishiwa wino,
au alijifanya imeishiwa.

Watu huniambia pole.
Kinga, mwanangu, kwa simu kutoka Gdańsk: pole, mama.
Muuza magazeti: pole.
Pole ukiitamka mara mbili inakuwa amri.
Nami niliyeendesha tramu namba nane
kwa dakika na nusu dakika,
niliyeona kuchelewa ni kuvuliwa nguo,
nani atanifunza polepole?

Kibanio kidoleni: tisini na tatu.
Tisini na sita. Tisini na tatu.
Jumanne niliosha vyombo vyote, nikasugua na jiko,
nikajiona nimepona.
Jumatano sikuweza kuinua kitana.
Alhamisi siikumbuki.

Usiniulize hujambo.
Ninalo jambo. Ni dogo, halionekani,
limejibanza chini ya ubavu wa kushoto
likinisubiri nicheke.
Si mgonjwa tena, barua ya hospitali yasema hivyo.
Mzima pia si mimi.
Nimepata nafuu, neno la sokoni:
bei imeshuka kidogo
na bado siimudu.

Bogna wa mlango wa pili huleta supu ya matango chachu.
Naila kwa kumbukumbu.
Shibiti imezidi? anauliza.
Imetosha, namjibu, mimi nisiyenusa
hata njiti ya kiberiti.
Anajua. Kesho yake huongeza shibiti.

Usiku tramu hupita chini ya dirisha.
Nazitambua breki. Huyu Radomir,
hubana mapema kama aliyebeba mayai.
Huyu simjui, mgeni,
pengine ndiye aliyepewa kiti changu.
Nimemchukia majuma mawili.
Jana aliipita kona ya kanisa
bila kuzililisha reli,
nikajikuta nasema, kwa sauti: vema.
Kisha nikakohoa robo saa.

Leo nilishuka kuchukua barua. Hapakuwa na barua.
Kupanda: kumi na nne, ufa.
Thelathini, kijani.
Arobaini na tano nikasimama nidaiwe.
Mdai hakuwapo.
Arobaini na sita. Arobaini na saba,
nikiwa na hofu kama mtoto aliyeokota pesa ya mtu.
Hamsini na moja akatokea
akataka chake chote.

Ngazi tatu zilizobaki nilizipanda kwa mikono.
Nikakaa kwenye kiti cha Walenty.
Nyuma ya mlango wake redio ilisoma hali ya hewa:
huenda jua, huenda theluji.
Sikuwa na haraka.
Nilitamani sana kuwa nayo.