Yatokanayo

Ukumbi hatuna. Tunakutana chini ya ngazi,
jengo namba kumi na saba, Gldani, pembezoni mwa Tbilisi,
kati ya visanduku vya barua vilivyong'oka milango
na lifti inayokula sarafu kabla ya kupanda.
Kila mtu huja na kiti chake.
Lamara wa ghorofa ya nane huteremka na kigoda cha jikoni;
Vazha, mwenyekiti, hukalia betri kuukuu ya gari
isiyojulikana ni ya nani.

Mimi ni katibu. Mwaka wa kumi na moja huu
mkono wangu ndio unaosema kilichosemwa.

Kuthibitisha kumbukumbu za Machi: jambo la dakika moja.
Huwa nasoma, wanapiga miayo,
mmoja anakubali, mwingine anaunga mkono,
kalamu inapita.
Lakini jana nilipofika "nauli ya lifti ipande,
hakuna aliyepinga,"
Guranda akasimama na shali yake nyeusi,
arobaini ya mumewe haijatimia.

"Otari alinyoosha mkono," akasema.
"Alipinga. Iandikwe."

Vazha akagonga folda gotini:
"Nimeshatia saini. Saini ya mwenyekiti ndiyo mwisho wa maneno."

Nugzari, karani mstaafu wa mahakama,
mtu ambaye hata salamu huitoa kwa vifungu,
akavua miwani.
"Saini ni alama kwamba kikao kimekubali.
Kikao hakijakubali. Umetia saini hewa, Vazha."

Kikao kipi, basi? Waliokuwapo Machi?
Tukahesabu. Walikuwa kumi na tisa.
Nana yuko Italia, anaogesha bibi wa watu.
Ndugu wawili wa ghorofa ya tatu wamehamia Batumi.
Otari yuko kilimani, chini ya udongo ambao bado haujashuka.
Na Luka, kijana aliyenunua nyumba Mei,
rangi ya ukuta bado iko kwenye kucha zake,
akauliza polepole:
"Mimi nisiyekuwapo, nathibitishaje?"

"Unathibitisha kama chama," Nugzari akamjibu,
"si kama macho."

Hapo wote wakanigeukia.
Maana macho yalikuwapo. Yalikuwa yangu.

Nauona mpaka sasa ule mkono:
haukufika juu, uliishia usawa wa sikio,
bega lake lilivunjika kiwandani Rustavi zamani zile.
Vazha alikuwa amekwisha sema "tumefunga,"
watu wanagombea safari ya kwanza ya lifti,
nami ukurasa wangu ulikuwa safi, umejaa hadi chini.
Nikasema moyoni: mkono nusu, kura nusu,
na nusu haiandikiki.

Katibu hana mamlaka. Analeta rasimu
kama mpishi aletavyo chungu;
wa kusema chumvi ni walaji.
Lakini mpishi anajua alichokiacha nje ya chungu.

Nikasema: "Niliuona."

Kimya. Juu huko mtu alikuwa anapiga zulia fimbo.

Wanaokubali marekebisho?
Lamara. Nugzari. Mama na binti wa ghorofa ya sita.
Luka akachelewa, akatazama kiganja chake kwanza,
kisha akakiinua kwa ajili ya mtu asiyewahi kumwona.
Vazha hakunyoosha. Nimeliandika na hilo.

Nikafuta "hakuna," nikaandika juu yake "mmoja,"
herufi ndogo, na saini zetu pembeni.

Nauli haikushuka. Guranda alitia sarafu ileile mpya,
mlango ukajifunga kwa kukohoa,
namba zikapanda: nne, tano, sita,
tukazitazama wote kama watu wanaosubiri matokeo.

Mengineyo: hayakuwapo.
Kikao kilifungwa saa mbili usiku kasoro robo,
au ndivyo nilivyoandika mimi.
Haya yote ni rasimu, hayajathibitishwa na mtu.
Njooni Septemba.
Kila mtu na kiti chake.