Namba Tisa, Mwaloni

Jumamosi, saa kumi na nusu,
napima dagaa wa Nyamizi
huku uwanja ukinguruma nyuma ya mabati.
Siulizi matokeo.
Mpira ukigonga mwamba, jukwaa hushusha pumzi;
ukiingia, kunguru wote wa Kirumba huruka.

Misimu kumi na mmoja, mabao sitini na mawili,
goti moja.
Waliniita Shigela Radi.
Leo kijana wa mkokoteni ananiita babu mizani
na kunihesabia chenji polepole.

Krosi inakuja kutoka kulia, naisikia.
Chini ya meza mguu wa kushoto
unanyanyuka wenyewe,
unapiga ndoo.

"Umemwaga!" Nyamizi anafoka.
Juu, kunguru wametanda.
Nainama, goti likilia,
naokota dagaa mmoja mmoja.
Sitini na tatu, nanong'ona.