Bastola ya Elfu Mbili

Nilimuuzia mimi, Idi Pili, sokoni Kitangali:
bastola nyeusi na pakiti ya risasi
za njano, mviringo kama mbaazi.
Chinguile aliomba nimpunguzie mia tano.
Nikampunguzia.

Alasiri mdogo wake, Somoe,
alichungulia tundu la ua wa nyasi
kuona kaka kajificha wapi.
Pa!
Hakulia. Aliuliza tu,
"Mbona upande huu usiku?"
Na jua li juu ya mikorosho, kali.

Ndanda walimfunga bandeji.
Daktari kasema tungoje.
Tunangoja.

Mezani kwangu sasa kuna mipira, tiara, magari ya bati.
Bastola nimezifukia nyuma ya kibanda.
Mtoto akija kuuliza, "Za risasi zimeisha?"
namtazama macho kwanza.
Nayahesabu.