Moshi Haunolewi

Isevya, saa nne usiku, umeme umerudi.
Nafungua faili ghafi: Mzee Sizya na mzinga wake,
picha ya kubandikwa kwenye chupa za asali.
Ghafi ni ghafi. Imepoa, imepauka,
kama uji uliosahauliwa sukari.
Kamera imeandika mwanga wote iliouona,
ikaniachia mimi kusema ulimaanisha nini.

Doto, mwanafunzi wangu, aliipitia jana.
Doto akishika kipau cha kunoa hajui breki:
themanini, tisini, mia, twende!
Ndiyo maana mabibi harusi wake wote
wana uzi mweupe kuzunguka mabega,
kama waliokatwa kwa mkasi wakabandikwa ukutani,
na mashavu yao yana chenga
za kupepetwa kwa ungo.
"Dada Kalunde, wateja wanapenda kali."
Kali ni pilipili, Doto. Kali ni mbwa.

Baba alinoa visu sokoni,
baiskeli ameisimamisha kwenye stendi,
akipiga pedali siku nzima bila kwenda popote,
cheche zikimla mikono ya shati.
Alipima makali kwa ukucha, akasema: basi.
Mwenye kisu akitaka kuongezewa
anarudishiwa kisu na pesa yake.
"Ukinoa huongezi kitu," alisema, "unapunguza chuma."

Leo asubuhi Sizya alikuja kutoka porini,
harufu ya moshi ikatangulia kuingia.
"Mwangaluka," akasema, akavua kofia,
nami nikamwonyesha kazi ya Doto kwenye kioo.
Alitazama muda mrefu.
Kila unywele wa nyusi umesimama peke yake,
kila mkunjo umechimbwa kama mfereji wa tumbaku.
"Huyu nani kamkasirisha?"
"Ni wewe, mzee."
"Mimi siendi kwa nyuki na uso huo. Wangeniua."

Kwa hiyo narudisha kipau hadi sifuri.
Uso unalegea, nusura upige miayo.
Nakuza jicho la kushoto hadi linajaza kioo:
lenzi ililishika. La kulia
imelikosa kwa upana wa punje ya ulezi,
na hilo sina dawa yake.
Kilichokosewa na lenzi, ukikinoa,
unapata kosa lenye makali.

Kipenyo kidogo, chini ya nukta moja.
Ishirini na tano. Thelathini.
Naondoka kwenye kiti, naenda kusimama mlangoni,
natazama kwa mbali kama mpita njia.
Thelathini na mbili. Hapo.

Kisha nafunika.
Nashikilia kitufe, kioo kinageuka cheusi,
na penye weupe ndipo kisu kitapita:
kope, ndevu, nyuzi za gome la mtundu,
mguu wa nyuki mmoja aliyetua kwenye kola.
Anga nimelifunika. Shavu nimelifunika.
Na moshi, ule unaopanda
kutoka kwenye kitita cha majani mkononi mwake,
moshi nimeufunika wote.
Hauna ukingo. Ningeunoa wapi?

Treni ya Kigoma inapiga honi kule stesheni,
dirisha linatetemeka, nangoja litulie.
Lebo ni upana wa vidole vitatu tu;
nikiipunguza picha italainika tena,
na karatasi ya hapa ina kiu ya wino.
Basi mwisho kabisa, baada ya kupima,
nitapitisha jiwe mara moja, kidogo.
Doto atasema sijafanya kitu.

Mezani kuna malipo ya awali:
chupa ya maji ya nusu lita,
asali nyeusi ya porini, haijachujwa.
Naigeuza mbele ya taa.
Ndani kuna kipande cha nta, na bawa moja,
mishipa yake yote inahesabika.
Nimeihesabu mara mbili.